Nilimnyima Dada kwa Lugha ya Kigeni

Mliokuwa nami wiki iliyopita mtakumbuka niliishia pale mlango wa chumba namba tisa ulipofungwa nyuma yangu, nikabaki ana kwa ana na mwanamke mwenye miwani mbili.

Kwa anayeanza kunisoma leo, mambo yako hivi. Mimi ni fundi lifti. Dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka minane, figo zake zote mbili zimekufa. Siku tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kumsafisha damu, katika hospitali ileile ambayo lifti zake nazihudumia mimi. Ndugu wote tuliitwa kupimwa. Kaka mkubwa ana kisukari, akaondolewa. Mdogo wetu wa mwisho damu yake haikuendana. Nikabaki mimi. Damu ikakubali, vipimo vikakubali, ukoo mzima ukapumua.

Ikabaki hatua moja, mahojiano ya mwisho.

Hospitali ile haikutoi figo mpaka uhojiwe peke yako, bila ndugu wala daktari wa mgonjwa, na mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha hujalazimishwa. Mtu huyo ndiye mwanamke niliyewaambia. Miwani moja puani, nyingine kichwani. Moyoni nilimwita Miwani Mbili.

Kiswahili hajui hata salamu. Hilo halikunisumbua. Lugha yake ndiyo lugha ya kazi yangu. Ufundi niliusomea kwa lugha hiyo, vitabu vya lifti vimeandikwa kwa lugha hiyo, na msimamizi wangu hana nyingine. Yote niliyoyasema mle ndani niliyasema kwa lugha hiyo ya kigeni. Leo nawaandikia kwa Kiswahili, na mkono unasita kila mstari.

"Kuna mtu amekuahidi chochote?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kuna mtu amekutisha, au amekuambia utatengwa?"

"Hapana."

Akavua miwani ya puani, akashusha ya kichwani. "Swali la mwisho. Tuseme hakuna atakayejua ulichonijibu. Si mkeo, si mgonjwa, si daktari wake. Ungetoa?"

"Hapana," nikasema.

Sikutetemeka. Lilinitoka kama nimeulizwa niongezewe sukari. Na yeye hakushtuka, akageuza ukurasa tu.

"Sababu?"

Nikampa sababu, vile ninavyoandika ripoti ya lifti mbovu. Mtoaji ana miaka arobaini na nane. Kazi yake ni kubeba vyuma na kuning'inia ndani ya shimo la lifti. Mkewe ana matatizo ya mgongo. Mpokeaji ana miaka hamsini na sita, moyo wake si imara, na mwili wake unaweza kuikataa figo mwaka huohuo. Mashine inaweza kumweka hai miaka kadhaa. Kwa hiyo upande mmoja hasara ni ya hakika, upande wa pili faida ni ya kubahatisha.

Mpokeaji. Ndivyo nilivyomwita. Neno dada halikunitoka hata mara moja, maana kwenye fomu zao halimo.

"Umelifikiria vizuri," Miwani Mbili akasema. "Familia tutaiambia hufai kitabibu, basi. Hatuelezi zaidi ya hapo. Tunamfanyia hivyo kila anayekataa, na hajawahi kujulikana mtu."

Nikamshukuru. Tukapeana mikono. Nikatoka.

Nje alikuwa amesimama Shemeji, mume wa Dada, na kikombe cha karatasi mkononi. Chai yangu hiyo, ameishikilia saa nzima.

"Vipi, ndugu yangu? Mmemaliza?"

Maneno manne tu ya Kiswahili. Nikashika ukuta.

"Umechoka," akasema. "Watu hawa wanahoji kama polisi. Kunywa chai."

Nikamwambia nakwenda chooni. Nikajitazama kwenye kioo, nikajaribu kuyasema yaleyale kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Dada," nikaanza. Nikakwama. Nikaanza tena. "Dada, mimi siku..." Mtu akavuta maji kwenye choo cha pembeni, nikanyamaza kama mwizi.

Dakika kumi nyuma sentensi ile ilinitoka bila hata kumeza mate. Sasa haitoki.

Jumanne yake daktari akatuita sote. "Vipimo vya mwisho vimeonyesha ndugu huyu hafai," akasema.

"Hafai nini?" Kaka mkubwa akauliza. "Si mlisema kila kitu sawa?"

"Siruhusiwi kueleza zaidi."

Shemeji akainamisha kichwa. Kaka akaanza kubishana. Dada peke yake ndiye aliyenigeukia mimi.

"Kiroboto," akasema, "njoo hapa."

Mimi ni mtu mzima, nina kitambi na mvi, na bado Dada ananiita Kiroboto. Mama alifariki nikiwa na miaka saba, yeye kumi na tano. Nilimng'ang'ania mgongoni, akawa ananibeba huku akifua, akipika, akiteka maji. Ndipo jina lilipotoka.

Nikaenda. Akanishika mkono. Mkono wake wa kushoto, ule wanaouchoma sindano za mashine, una mishipa iliyovimba, na ukiugusa unasikia damu inavyotetema ndani.

"Usijilaumu," akasema. "Umejitoa, mwili umekataa. Ungefanya nini?"

"Dada..."

"Ninachotaka kujua ni kimoja. Wamekuona na ugonjwa gani? Usinifiche. Kama una kitu, uanze dawa mapema. Mimi nilichelewa, unaona nilipofika."

Nikasema sina ugonjwa. Hakuamini. Wiki nzima akawa anamtuma Shemeji kuja kuniuliza kama nimeonana na daktari wangu. Mtu anayekufa ananiulizia afya.

Kuna jambo sijawaambia katika wiki zote hizi, na sikutaka kuliandika. Mama alipofariki, Dada aliacha shule ili atulee. Akapata kazi ya kupiga pasi nguo za watu. Jioni nikirudi na kitabu cha lugha ya kigeni, anakishika mkono mmoja, mwingine uko kwenye pasi, ananiambia nisome maneno ya wiki. Yeye hajui hata moja.

"Rudia hilo."

"Nimepatia, Dada."

"Hujapatia. Uso wako unasema hujapatia."

Na kweli huwa sijapatia. Ndivyo nilivyoijua lugha ile. Nimeijua kwa pasi yake.

Sasa nirudi kazini. Lifti za hospitali ni nne. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili asubuhi, Dada anapanda lifti namba mbili kwenda ghorofa ya nne, kwenye mashine. Nikiwa zamu namkuta. Na lifti, mnajua, haina pa kujificha.

"Huyu ni mdogo wangu," anawaambia wagonjwa wenzake. "Alitaka kunipa figo yake. Ikashindikana tu."

Wanaitikia kwa heshima. Mzee mmoja alinipa mkono. Mimi nimesimama na bisibisi, natazama namba zinavyopanda. Mbili. Tatu. Nne.

Ghorofa ya nne yuko nesi wa mashine, mwanamke mnene, mtaratibu, anayeongea Kiswahili kama sisi. Yeye ndiye anamchoma Dada sindano, miaka miwili sasa. Siku moja alinishika bega.

"Dada amenisimulia," akasema. "Ndugu wangekuwa wote kama wewe, chumba changu kingekuwa nusu tupu."

Tangu siku hiyo nikawa napanda ngazi. Fundi lifti mzima, ghorofa nne kwa miguu, na begi la vyuma. Mlinzi akanitania kwamba sasa hata mimi siziamini kazi zangu.

Kisha likaanza lile jambo lingine. Nikawa najisikia nikisema hapana.

Msidhani nasikia mizimu. Ni sauti yangu mwenyewe, yenye lafudhi yangu mbaya ya kigeni, tulivu, yenye adabu. Nikikaza boliti naisikia. Msimamizi akiniuliza kama nimekula, inanitangulia. Naamka asubuhi iko pale imeshakaa, inanisubiri nivae viatu.

Na nyumbani nikaanza kuongea lugha ile bila kujijua. Jumamosi moja asubuhi mke wangu alikuwa anakunja nguo, nikamuuliza shati langu liko wapi. Akaacha kukunja.

"Baba Chiriku, siku hizi unaniongelesha kama mimi ndiye msimamizi wako. Una nini?"

Chiriku ni binti yetu wa pekee. Jina hilo alipewa na shangazi yake, Dada huyuhuyu, kwa sababu ya maneno mengi.

Nikaona bora nimwambie. Nikakaa kitandani. Nikafungua mdomo kwa Kiswahili, ikawa kama siku ile ya kioo. Basi nikamwambia kwa lugha ile nyingine. Chumba namba tisa, swali, jibu, sababu zangu zote, siri ya hospitali. Dakika tano nimemaliza.

Mke wangu lugha hiyo anaijua nusunusu. Nilimwona akiokota maneno, moja moja, mpaka yakamtosha. Akakaa chini pale pale juu ya nguo alizokunja.

"Sema kwa Kiswahili," akasema.

"Siwezi."

Akavuta shati moja mapajani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Nilikuwa naomba ukatae. Kila siku, tangu walipokupima. Nikimwona wifi yangu namwambia pole, na moyoni naomba ukatae."

Hatukutazamana.

"Lakini kama huwezi kuniambia kwa Kiswahili," akaendelea, "basi mimi sijasikia. Usilirudie tena."

Akainuka, akazikunja upya zile alizozikalia.

Nikadhani yameisha. Ningebeba mzigo wangu, Dada angekaa kwenye mashine yake, mke wangu angekuwa hajasikia. Watu wanaishi na makubwa kuliko hayo.

Jumapili ya pili yake Chiriku akaja kututembelea. Ana miaka ishirini na tatu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na mikono yake ina alama za kuungua kwenye milango ya tanuri. Safari hii hakuleta maneno mengi. Alikaa mezani, akanywa maji.

"Nina habari," akasema. "Msinikatize mpaka nimalize."

"Una mchumba," mama yake akasema.

"Mama, nimesema msinikatize. Baba, ulipokataliwa pale hospitali nilienda kupimwa mimi. Sikuwaambia kwa sababu mngenizuia. Vipimo vyote vimekubali. Imebaki mahojiano tu, Alhamisi saa nne. Nampa Shangazi figo."

Mke wangu alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini polepole sana, akanitazama. Yule mtu ambaye hakusikia kitu, alinitazama kwa macho ya mtu aliyesikia kila neno.

"Haiwezekani," nikasema. "Wewe bado mtoto."

"Nina miaka ishirini na tatu, Baba. Wewe ulitaka kutoa ukiwa na arobaini na nane. Nani ana mwili mzuri hapo?"

"Ni tofauti."

"Tofauti gani?"

Nikaona nimeanza kumwelewesha kwa lugha ile, yenyewe imetoka. Hatari za dawa ya usingizi. Uzazi wa mwanamke mwenye figo moja. Miaka hamsini ya mbele dhidi ya miaka kumi ya mtu mwingine. Hesabu ilikuwa nzuri na nilikuwa naipanga vizuri.

Chiriku akanisikiliza, kisha akanijibu kwa Kiswahili, bila ukali.

"Baba, usiniongeleshe kama uko ofisini. Ni Shangazi."

Akaenda kumkumbatia mama yake. Mama yake alikuwa amesimama kama nguzo.

Nilipomsindikiza Chiriku nikarudi, mke wangu alinisubiri ukumbini.

"Kile ambacho sikukisikia," akasema, "nenda ukakifute. Sijui utafanyaje. Nenda."

Ningeweza kumwambia binti yangu ukweli, najua mnawaza hivyo. Nami niliwaza. Lakini Chiriku asingeacha. Angenidharau, halafu angeenda vilevile.

Njia iliyobaki ilikuwa Dada mwenyewe. Yeye akimkataa mtoto, yamekwisha. Nilikuwa na hakika atamkataa. Mtu aliyempa Chiriku jina, akamfundisha kusuka, atakubali apasuliwe kwa ajili yake?

Nilimkuta nyumbani kwake Jumatatu mchana, ametoka kwenye mashine, amelala kiti kirefu, midomo imekauka. Shemeji akatoka atuache.

"Umekuja kwa habari ya mtoto," akasema.

"Ndiyo."

"Alipokuja mara ya kwanza nilimfukuza. Mara ya pili nilimfukuza, nikamtukana. Mara ya tatu nikakubali."

Yeye akageuza uso, akatazama ukutani.

"Nataka kuishi, Kiroboto. Sijamwambia mtu. Wote mnadhani nimetulia, nimekubali yaliyonikuta. Sijakubali. Nikiwa kwenye ile mashine nawatazama manesi wakitembea, nawaonea wivu miguu yao. Nataka kuzeeka mpaka nichoshe watu."

"Dada..."

"Ungekuwa wewe nisingeona aibu. Wewe nilikubeba. Yule sikumbeba, ndiyo maana naona aibu. Lakini nimekubali na sitarudi nyuma. Kama umekuja kuniomba nimkatae, usiniombe, maana nitakukatalia, na sijawahi kukukatalia kitu."

Nikamwekea mto vizuri. Nikaondoka sijaomba.

Saa tisa alasiri nilikuwa mlangoni kwa Miwani Mbili. Sikuwa na miadi, alinipokea kwa sababu lifti yake ya upande ule nimeitengeneza mwezi uliopita.

"Nimebadili mawazo," nikamwambia kwa lugha yake. "Nataka kutoa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu binti yangu amejitokeza."

Akavua miwani. Hakuvaa ile nyingine. Nikaona macho yake kwa mara ya kwanza, mekundu, ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Hapo hutaki kumpa mpokeaji," akasema. "Unataka kumzuia binti yako. Siku ile ulikuwa mtu huru na ulisema hapana. Leo umebanwa na unasema ndiyo. Unataka niandike lipi?"

"Siku ile sikuwa mimi."

"Ulikuwa nani?"

Nilitafuta maneno. Lugha ile ninaijua kwa vyuma na umeme, haya mengine yananipita.

"Uliniuliza kwa lugha yako," nikasema mwishoni. "Kwa lugha yako nilimkataa mpokeaji. Niulize kwa Kiswahili. Nitajibu kuhusu dada yangu."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaandika kitu pembeni mwa karatasi.

"Una haki ya mkalimani," akasema. "Nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo, niliona unaongea vizuri nikapita. Njoo Alhamisi saa tatu. Nitakuhoji kabla ya binti yako. Ukinijibu kwamba unataka kumpa mpokeaji, kwa ajili yake yeye, jina la binti yako nitalisimamisha. Ukinijibu vingine, saa nne anaingia."

Siku mbili nilizifanya za mazoezi. Kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza mpaka ya nne, narudia neno moja kwa Kiswahili. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Lilikuwa jepesi. Nikaanza hata kufurahi. Niliamini aliyekataa ni ile lugha, si mimi, na kwamba nikirudi kwenye Kiswahili changu nitamkuta yule mtoto aliyebebwa mgongoni, na yeye hatahitaji kufikiri.

Alhamisi saa tatu kasoro nilikuwa chumba namba tisa, nimevaa shati lililonyooshwa. Miwani Mbili alikuwa na faili langu mbele yake. Mlango ukafunguliwa, akaingia mkalimani.

Alikuwa nesi wa mashine.

"Mkalimani wetu yuko likizo," Miwani Mbili akasema. "Huyu yuko kwenye orodha, na ameapa kutunza siri. Una pingamizi?"

Nesi alinitabasamia. Bado hakujua ameitiwa nini. Nikaangalia saa ya ukutani. Nikasema sina.

Miwani Mbili akaanza kusoma faili kwa lugha yake. Tarehe fulani, mtoaji alihojiwa peke yake. Mtoaji alieleza kwamba asingependa kumpa mpokeaji. Familia ilijulishwa kwamba mtoaji hafai kitabibu.

Mimi nilielewa kila neno kabla halijatafsiriwa. Kwa hiyo nilikuwa namtazama nesi. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo usoni halina kazi, kisha likaondoka. Akaweka mikono mapajani. Akanigeukia.

"Anasema," akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mara ya kwanza uliulizwa humu ndani, ukakataa kumpa dada yako figo. Anauliza kama ni kweli."

Dada yako. Hakusema mpokeaji. Ndiyo mara ya kwanza sentensi ile ilisikika kwa Kiswahili duniani, na haikutoka kwangu.

"Ni kweli," nikasema.

Akalitafsiri. Miwani Mbili akauliza lile swali. Nesi akavuta pumzi.

"Anasema tuseme hakuna atakayejua. Si mkeo, si binti yako, si daktari." Akasita. "Si Dada. Ungempa?"

Neno langu la siku mbili lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwona Dada ameshika kitabu, pasi mkono mwingine. Nikamtafuta yule mtoto. Nikamkuta, jamani. Nikamkuta amejikunja, anaogopa sindano, anaogopa kufa kama Mama, anasubiri Dada aseme mambo yatakuwa sawa.

"Naogopa," nikasema.

Nesi alisubiri.

"Nampenda kuliko ninavyoweza kukuambia. Lakini kisu nakiogopa, na kufa nakuogopa. Kama hakuna atakayejua, hapana. Nisingempa. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu tu."

Nililisikia likinitoka, kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya nyumbani kwetu. Sikuwa na lugha nyingine ya kuisingizia.

Nesi hakutafsiri.

"Amesema nini?" Miwani Mbili akauliza.

Nesi alinitazama kwa muda mrefu. Miaka miwili amemchoma Dada sindano. Chiriku anamjua, huwa anamletea mikate. Alitazama mlango, akatazama saa.

"Amesema nini?"

Ndipo nesi alipomgeukia, akasema kwa lugha ya kigeni, neno baada ya neno, lugha ambayo mimi naielewa kama ninavyoelewa lifti zangu:

"Anasema ndiyo. Anasema mara ya kwanza aliogopa. Sasa anataka kumpa dada yake, kwa hiari yake, hata kama hakuna atakayejua."

Miwani Mbili hakuandika. Alishusha miwani ya kichwani, akaacha kumtazama nesi, akanitazama mimi. Alikumbuka, kama nilivyokumbuka mimi, kwamba mle ndani sikuhitaji mkalimani.

"Fundi," akasema kwa lugha yake, "umemsikia. Ndivyo ulivyosema?"

Nesi aliinamia mikono yake. Nje, Chiriku alikuwa ameshafika. Nilimsikia akimtajia mtu wa mapokezi jina la ukoo wetu, herufi moja moja, ili asikosee kuliandika.